KADI MOJA, BILI MBILI: MNAOMCHEKA MTANGAZAJI ANAYECHANGISHA MATIBABU WAKATI ANA BIMA YA OFISI, SOMENI HAPA

Wiki iliyopita mchekeshaji mmoja maarufu hapa mjini, mwenye wafuasi kibao Instagram, aliamka na lake. Alijirekodi yupo ndani ya gari, miwani usoni, akasema: "Dada una bima ya ofisi, halafu unatuchangisha upasuaji. Hiyo sio shida, hiyo ni tamaa." Akacheka mwenyewe, akaposti. Mpaka jioni video ilikuwa imefika kila kona, na kila grupu la WhatsApp lilikuwa linaijadili.

Hakutaja jina, ila hakuna asiyejua nani alikuwa anasemwa. Ni mtangazaji wa kike wa kipindi cha asubuhi kwenye redio moja kubwa ya Dar es Salaam. Siku chache kabla alikuwa ameweka namba ya kuchangia ili afanyiwe upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye kizazi. Hakuomba gari wala kodi ya nyumba. Alitaka kutibiwa tu.

Komenti zilizofuata mlizisoma wenyewe. "Mshahara wote unaishia kwenye wigi." "Kadi ya bima umeiacha wapi, klabu?" "Wanawake na kiki, kama mkono na kidole." Wengine waliofurahia sana ni wanawake wenzake, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Basi ukweli wa jambo hili uwekwe mezani, maana kuna watu wanacheka kitu ambacho kesho kinawafika mlangoni.

KILICHOTOKEA CHENYEWE

Dada huyu amekuwa akitoka damu nyingi kwa muda wa miaka mitatu. Hedhi ya siku tano ikawa ya siku kumi na mbili. Kuna asubuhi alikuwa anaingia hewani amekalia kanga iliyokunjwa mara nne, anawachekesha wasikilizaji waliopo kwenye foleni ya Ubungo, huku mwenyewe kichwa kinazunguka kwa kuishiwa damu. Watu wa karibu naye wanasema mara mbili alilazwa akaongezewa damu, kesho yake akarudi studio.

Kadi ya bima anayo. Ni kadi ya kampuni binafsi ya bima, amepewa na ofisi, imeandikwa jina lake na picha yake ipo. Daktari alipomwambia uvimbe lazima utolewe, hospitali iliandika bili ya shilingi 4,850,000 na kuituma bima. Jibu likarudi siku ya tatu: bima italipa 1,500,000. Kilichobaki, shilingi 3,350,000, alipe mwenyewe.

Kwa nini? Kwa sababu kwenye mkataba ambao ofisi ilisaini, tatizo lolote la kizazi limewekwa kwenye fungu la uzazi, na fungu la uzazi limiti yake ni 1,500,000 kwa mwaka. Dada hana mimba. Hajifungui. Anaumwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Lakini kwa kuwa kinachouma ni kizazi, ameambiwa hiyo ni habari ya uzazi.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Mtangazaji mwenzake wa kiume, anayekaa naye meza moja kila asubuhi, mwaka jana aliumia goti kwenye bonanza la ofisi. Mechi yenyewe ilikuwa ya maveterani, amefunga mara moja tu tangu aanze kucheza. Goti likachanika ndani, akafanyiwa upasuaji kwenye hospitali nzuri, akalazwa chumba cha peke yake, akaposti picha amenyanyua dole gumba. Bili yake ilikuwa kubwa kuliko ya dada. Alicholipa mfukoni ni nauli ya kurudi nyumbani.

Ofisi ni hiyohiyo, na kadi ni hiyohiyo, hata rangi ni moja. Goti lipo kwenye fungu la kulazwa, ambalo limiti yake ni milioni 15. Kizazi kipo kwenye fungu la uzazi. Nani amemwona mwanaume mwenye kizazi?

Hakuna anayemwonea wivu yule kaka kwa goti lake. Apone, acheze, akikosa penalti shauri yake. Ila asitokee mtu na kusema hawa wawili wana bima sawa.

"BIMA NI MOJA KWA WOTE, KELELE ZA NINI?"

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya mchekeshaji na jeshi lake. Na ndiyo hoja nyepesi kuliko zote.

Bima ya ofisi inanunuliwa kama vifurushi vya simu. Kuna fungu la wagonjwa wa nje, wengi wanaliita OPD. Kuna fungu la kulazwa. Kuna la uzazi. Kuna la meno na macho. Kila fungu lina limiti yake. Kampuni ya bima inamletea bosi bei, bosi anaguna, anauliza, "Hamna ya chini ya hapo?" Na bei inashushwaje? Kwa kupunguza mafungu. Watu wa kulazwa hawaguswi sana, maana mfanyakazi akipata ajali akakosa matibabu ni aibu kwa kampuni. Vinavyochinjwa haraka ni uzazi, meno na macho.

Kwenye kile chumba cha mkutano, nani anaamua? Mara nyingi ni bosi, mhasibu na mtu wa bima. Wakipunguza fungu la uzazi kutoka milioni tatu hadi moja na nusu, hakuna mwanaume hata mmoja kwenye hiyo ofisi ambaye mwili wake umepunguziwa kitu. Wanawake wote wamepunguziwa, na hakuna aliyeambiwa. Wanakuja kujua wakiwa wamesimama dirishani wameshika fomu.

Haki itendeke pia: sio kila mkataba uko hivi. Kuna kampuni zinazolipia uvimbe wa kizazi kama ugonjwa wowote ule. Kwa hiyo inawezekana, na ofisi zisizofanya hivyo zimeamua tu kutofanya.

HATA MAREKANI WALISHATOA HUU UTETEZI

Wapo wanaodhani haya ni matatizo ya Bongo. Wasome historia kidogo.

Mwaka 1976 kesi ya kampuni ya General Electric ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kampuni ile ilikuwa na mpango wa kuwalipa wafanyakazi wanaposhindwa kufanya kazi kwa ugonjwa au ajali, lakini ikawaacha nje wanaokosa kazi kwa sababu ya ujauzito. Wanawake wakashtaki. Majaji wengi wakasema huo sio ubaguzi wa kijinsia, kwa sababu mpango haukutenganisha wanaume na wanawake, bali wenye mimba na wasio na mimba. Yaani kwa akili hiyo, ni bahati mbaya tu kwamba wenye mimba wote walikuwa wanawake! Ilibidi Bunge la nchi ile litunge sheria mwaka 1978 kuufuta huo mchezo.

Hawakukoma. Mwaka 1998 Viagra ikaidhinishwa. Mipango kadhaa ya bima za kazini ikakubali kuilipia, huku vidonge vya uzazi wa mpango, vilivyokuwa sokoni tangu 1960, vikiendelea kuachwa nje. Mwanaume analipiwa aweze, mwanamke halipiwi kujikinga na matokeo yake. Mpaka mwaka 2001 mahakama ya Seattle ilipoamua kwamba mwajiri anayelipia dawa nyingine halafu anaruka za uzazi wa mpango anabagua.

Na bado pengo lipo. Mwaka 2023 kampuni ya Deloitte iliangalia madai ya bima za kazini kule Marekani na kukadiria kwamba wanawake walioajiriwa wanatoa mfukoni dola bilioni 15.4 zaidi ya wanaume kila mwaka. Hata gharama za ujauzito zikiondolewa kwenye hesabu, bado mwanamke anatoa zaidi. Hao ni watu wenye bima, na kadi zao zinafanya kazi.

Kwa hiyo huyo mchekeshaji hajabuni kitu. Amerudia maneno ya mwaka 1976 akiwa na miwani mipya.

"WANAWAKE MNAPENDA HOSPITALI"

Hoja ya pili. Kwamba wanawake wanaumwa kila siku, ndiyo maana limiti inaisha.

Chukueni mfano wa dada huyuhuyu. Ana watoto wawili na anawalea peke yake. Wote wamo kwenye kadi yake. Mtoto akiwa na masikio, OPD inakatwa. Mwingine akikohoa usiku, OPD inakatwa. Ikifika Agosti fungu limeisha, na zamu ya mama kwenda kupima damu yake imefika. Anafanyaje? Anaahirisha. Anakunywa dawa za maumivu za duka la jirani na kusema ataenda Januari kadi ikianza upya. Ameahirisha hivyo Januari mbili.

Baba wa hao watoto naye ameajiriwa na ana bima yake. Kwenye kadi yake watoto hawapo. Kadi yake mwaka mzima haijaguswa, na mtaani anasifiwa kuwa ni mzima wa afya, "haumwi huyu jamaa."

Halafu kuna gharama ambazo bima hazijui kabisa. Bajaji ya kwenda na kurudi kliniki. Siku ya kazi iliyokatwa. Pedi: dada anayetoka damu siku kumi na mbili anamaliza pakiti ngapi kwa mwezi? Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, mwaka uliofuata ikairudisha. Hakuna fungu la pedi kwenye kadi ya mtu.

Na vipimo vya kujichunguza ukiwa mzima? Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini. Ni ugonjwa unaoweza kuonekana mapema kabla haujawa mkubwa. Lakini mikataba mingi ya bima inalipa ukishaugua. Ukienda mzima unataka kupimwa, unaulizwa: "Unaumwa nini?" Ukisema huumwi, unaambiwa ulipie. Kwa hiyo mwanamke anayefuata ushauri wa daktari anatoa hela, na anayesubiri mpaka ugonjwa umkamate ndiye anayelipiwa.

Ni kweli wanaume wengi hawaendi hospitali, na wapo wanaokufa kwa kuchelewa. Hilo ni tatizo kubwa nalo lisemwe siku yake. Ila mtu asitumie uoga wa wanaume kwenda kupima presha kama ushahidi kwamba wanawake wanajidekeza.

"MIMBA NI UAMUZI WAKO"

Hii ilipata laiki nyingi sana. Kaka mmoja aliandika: "Kuzaa sio ugonjwa, kwa nini ofisi ilipe?"

Kwanza, aliyeandika hivyo alizaliwa. Hakushushwa na mwendokasi.

Pili, mimba haiingii kwa Bluetooth. Watu wawili wanahusika, bili inasomwa jina moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama likizo ya siku 84 na baba siku 3. Hata sheria ilishajua mzigo umeegemea wapi. Basi kama mzigo wa mwili hauwezi kugawanywa, angalau wa hela ugawanywe. Ndiyo kazi ya bima tangu mwanzo: wengi wanachanga kidogokidogo ili mmoja asiangushwe. Dada asiyecheza mpira anachangia goti la kaka, na hajawahi kuposti video kulalamika. Kaka naye achangie kizazi.

Na uzazi ukienda vibaya haubaki uamuzi wa mtu. Presha ikipanda, mama akapelekwa chumba cha upasuaji usiku, milioni na nusu inaisha kabla hajaamka. Kama mtoto ni njiti na anakaa wiki kadhaa kwenye uangalizi, hapo familia inaanza kuuza viwanja.

KADI YA MUME, NA SIKU MUME ANAPOONDOKA

Kuna kundi lingine halisemwi kabisa: wanawake wanaotibiwa kwa kadi za waume zao.

Kuna mrembo mmoja aliyewahi kutamba kwenye video za Bongo Fleva, akaolewa na mchezaji mpira wa timu fulani. Kadi ya bima aliipata kupitia klabu ya mume, yeye kama mwenza. Ndoa ikaingia mdudu. Mume akahama nyumba, hakuna talaka wala kikao. Mrembo akiwa na mimba ya miezi saba akaenda kliniki kama kawaida. Mapokezi wakaingiza kadi, yule binti wa dirishani akamwangalia kwa huruma na kusema: "Dada, umeshaondolewa."

Ameondolewa na nani? Mfanyakazi mwenye kadi ndiye anayejaza fomu ya wategemezi. Saini moja tu. Hakupigiwa simu, hakutumiwa meseji. Alilipa cash siku hiyo kwa kuuza cheni aliyovalishwa na huyohuyo mume.

Hili linawahusu hata wa serikalini. Kwa watumishi wa umma mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu mfanyakazi na nusu mwajiri, na kadi inabeba mwenza na wategemezi wanne. Mpango mzuri. Lakini mama wa nyumbani ambaye hana ajira, afya yake inasimama kwenye ajira ya mtu mwingine na kwenye mapenzi ya mtu mwingine. Vyote viwili vinaweza kuisha Jumatatu asubuhi.

"SI ANUNUE BIMA YAKE BINAFSI?"

Hoja ya mwisho, ya wenye hela. Haya, anunue. Kwanza kwa mshahara gani? Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba duniani kote mwanamke anapata pungufu ya mwanaume kwa takriban asilimia 20. Dada huyu anabaki na shilingi 850,000 mkononi, kodi na ada havijatoka. Pili, bima binafsi kwa kawaida inataka usubiri miezi kabla haijalipia uzazi, na ugonjwa ulioingia nao wanauruka au wanakupandishia bei. Uvimbe wa miaka mitatu haujifichi kwenye fomu.

Nchi ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Ni hatua. Lakini mtangazaji wetu tayari ana bima. Kama kila mtu atapewa kadi na mambo ya mwili wa mwanamke yakabaki kwenye kona ya fungu dogo, basi kitakachoongezeka ni idadi ya watu wenye kadi wanaochangisha.

SASA WENYE KADI MFANYE NINI

Kabla ya kusaini mkataba wa kazi, au kabla ofisi haijahuisha bima mwaka huu, nenda kwa HR ukaulize haya, na jibu ulitake kwa maandishi:

1. Limiti ya uzazi ni kiasi gani, na upasuaji wa kujifungua unalipwa wote au nusu?
2. Uvimbe wa kizazi, matatizo ya hedhi na mimba kuharibika yapo fungu gani: uzazi au kulazwa?
3. Vipimo vya mlango wa kizazi na matiti vinalipiwa ukiwa mzima?
4. Uzazi wa mpango upo au umerukwa?
5. Mwenza akiondolewa kwenye kadi, anajulishwa? Na anapewa siku ngapi?

Wanaume, swali la pili na la tano ni la mke wako, dada yako na binti yako. Ulizeni nyie, maana HR wengi mkiuliza nyie wanasikiliza haraka. Na mabosi mnaoposti mauwa kila tarehe 8 Machi na fulana zenye maandishi: hela ya zile fulana ingepandisha fungu la uzazi. Hamisheni tatizo la kizazi liwe fungu moja na goti. Hilo tu.

TUMALIZIE NA MCHEKESHAJI

Inasemekana mwaka juzi, kabla jina halijakua, huyuhuyu mchekeshaji alikuwa anafanya kazi ya ofisini na ana kadi. Mkewe akajifungua kwa upasuaji, limiti ikapasuka, na bwana mkubwa akazunguka usiku kucha kwa marafiki akikopa ili mama na mtoto waruhusiwe. Waliomkopesha wapo. Hakuna aliyemrekodi, hakuna aliyemwita mwenye tamaa. Walimpa, wakamwambia pole, kesho yake wakampelekea supu.

Dada yeye amechangiwa shilingi 1,150,000, nyingi ni elfu mbilimbili na elfu tanotano za wasikilizaji wa daladala na masokoni. Zilizobaki 2,200,000 ofisi imemkopesha. Amefanyiwa upasuaji na amerudi hewani, sauti bado ndogo kidogo. Kaka wa goti naye amerudi kwenye bonanza.

Mwisho wa mwezi wote wawili wanapokea salary slip. Ya kaka ina makato ya kawaida. Ya dada ina mstari mmoja wa ziada: MKOPO WA MATIBABU, 200,000. Utakuwepo hapo miezi kumi na moja.

*Wewe kadi yako ya ofisi inalipia nini na inaruka nini? Umeshawahi kuambiwa "ongezea cash" dirishani? Shusha komenti hapo chini, majina ya kampuni weka mbali, matusi pia.*